Duara Jekundu Koboko

Mlioniuliza pale kiwandani, na wewe Sefu uliyenifuata mpaka nyumbani, mnataka kujua mambo mawili: kama ni kweli niliwatia hofu watu wa Koboko kwa picha, na kama ni kweli niliishia kukata filamu za eksirei kwa wembe, mimi niliyepelekwa Japani kusomea mabango. Yote mawili ni kweli. Naandika mara moja ili nisirudie hadithi kwa kila mtu anayekuja kuazima kisu cha karatasi.

Bango lenyewe mnalijua, mlinisaidia kulikausha. Shirika moja la afya lilitaka kuwaita watu wa wilaya ya Arua, Uganda, wapimwe malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Nikachora usuli wa buluu tupu, na umbo jeupe la mtu aliyelala, mwili wote mstari mmoja usiokatika, bila macho wala mdomo. Nyuma ya shingo yake nikaweka duara jekundu, mahali zinapovimba tezi za mgonjwa wa malale. Chini: ANALALA MNO? NJOO UPIMWE. Nililipenda. Mwalimu wangu wa Kyoto alikuwa akifuta zaidi kuliko alivyokuwa akichora, na mimi nilidhani nimemwelewa.

Ziwani, kisha Karuma

Meli ya mizigo ya kunitoa Mwanza na mabango yangu kwenda Port Bell ilichelewa kwa sababu ya fahali aliyekataa katakata kupanda. Mwenyewe alimbembeleza, akamtukana, akamsukuma kwa bega. Tulipong'oa nanga, fahali alibaki Mwanza na mwenyewe akabaki naye, wamepeana migongo.

Kampala nililala na kuondoka. Basi lilikwenda vizuri hadi Karuma, na hapo likasimama, maana miaka ile magari hayakuruhusiwa kuendelea Pakwach bila msafara wenye walinzi kwa sababu ya waasi. Tulingoja. Watu walitandika kanga chini ya basi wakalala. Askari mmoja wa kizuizini, kijana mrefu mwenye buti zisizo na kamba, akaona bomba langu la karatasi ngumu.

"Ndani iko nini?"

"Picha, afande."

"Picha gani refu namna hii? Fungua."

Mle bombani mlikuwa na picha tatu za Kijapani ambazo sisafiri bila hizo. Akaikunjua ya kwanza juu ya boneti ya lori. Ni tangazo la mchezo wa jukwaani: karatasi nyeupe, na katikati mpako mmoja mkubwa mweusi wa brashi, basi.

"Hii tangazo ya nini?"

"Ya mchezo wa kuigiza."

"Wachezaji iko wapi?"

"Hawapo. Mchoraji ameacha nafasi, anayetazama awafikirie mwenyewe."

Akanitazama kama mtu anayepima kama anafanyiwa mzaha. "Mimi natoka nyumbani kuona mchezo, halafu nafikiria mwenyewe?"

Ya pili ilikuwa na mawimbi yaliyopangwa kama nembo za koo ambazo Wajapani wa zamani walizivaa kwenye mavazi yao. Hiyo aliipitia haraka. Ya tatu ni nakala ya chapa ya kale iliyochongwa kwenye ubao: mwigizaji, uso umeijaza karatasi, macho yamekengeuka, vidole vimetanuka. Hapo akawaita wenzake. Wakaja, wakacheka, mmoja akasema huyo jino linamuuma, mwingine akasema hapana, amefiwa. Walibishana mpaka msafara ukapiga honi, na ikabidi niombe mwigizaji wangu arudishwe.

Sikulitia jambo lile maanani. Nilikuwa nikiwaza matuta ya barabara na rangi za mabango yangu yaliyofungwa juu ya paa.

Pakwach

Baada ya daraja la Pakwach gurudumu lilipasuka, na la akiba likawa nalo limepasuka siku nyingi. Dereva alichukua lifti kwenda kulishughulikia, nasi tukabaki na wauza samaki. Nilikula samaki wa kukaushwa kwa moshi pamoja na muhogo wa kuchemsha, nikiwa nimekaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akirudi Arua kutoka kwa bintiye. Nilipomwomba chumvi alisita.

"Kiswahili yako iko ya Tanzania," akasema.

"Ndiyo, mama. Natoka Mwanza."

Akanipa chumvi, kisha akahamishia kikapu chake upande wa pili. Nilidhani anatafuta kivuli.

Arua

Arua nilipokelewa na Sista Candiru, muuguzi aliyeongoza kikosi cha kupima malale. Ni mwanamke wa Logiri, jirani na Arua, mpana, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na anaongea Kiswahili cha shule, safi kuliko cha wengi nilioonana nao. Alinipangia chumba mtaa wa Oli, jirani na fundi baiskeli, akanilisha ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa kwa ufuta, kisha akafungua bango kwenye meza.

"Safi," akasema. "Litaonekana kutoka mbali."

Dereva wake, Drani, alilitazama juu ya bega lake. Alisema karatasi ni nzuri, nzito.

Njia ya Koboko

Tulikwenda kwa Land Rover iliyokuwa ikizima kila tunapopanda mlima. Kwenye mabonde ya vijito niliona vitambaa vya buluu na vyeusi vimening'inizwa kwenye vichaka. Nikamuuliza Sista kama watu wa huku wanaanika nguo porini.

"Ni mitego ya mbung'o. Wanaipenda buluu hii, sijui kwa nini. Wanaifuata, wanaingia, wanakufa. Na watu nao wanaipenda. Mwezi uliopita nimeona suruali tatu za kitambaa cha mtego sokoni."

Nikamsimulia habari za buluu kama hiyo, maana Land Rover ilikuwa imezima na hapakuwa na la kufanya. Rangi ile iligunduliwa Ulaya, ikapelekwa Japani na meli za Waholanzi. Wachonga ubao wa huko wakaishangilia, wakachora nayo bahari na milima mpaka ikaonekana ni yao tangu zamani. Kisha picha zao zikafika Ulaya. Wachoraji wa mabango wa Paris wakazitazama wakajifunza kuacha kivuli, kupaka rangi bapa, kumkata mtu ukingoni mwa karatasi. Mabango hayo ya Ulaya nayo yakarudi Japani, na vijana wa kule wakayaiga kama kitu kipya, bila kujua kuwa wanamwiga babu yao.

"Kwa hiyo hakuna aliyeanza," alisema Sista.

"Waliazimana."

"Drani, hebu jaribu tena," akasema, na safari hii gari likawaka.

Koboko

Tulifikia kwa Hawa, mwanamke wa Kinubi mwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Alitupa chai ya viungo na gurusa, mkate wao mwembamba unaookwa kwenye bamba la chuma. Mumewe, Rajab, alikuwa askari zamani. Sasa kazi yake ilikuwa kulinda lango, na alililinda akiwa amelala kitini, kidevu kifuani, saa zote za mchana.

"Tangu turudi kutoka Zaire iko hivyo," Hawa alisema bila kushusha sauti. "Pombe hanywi, yeye mutu ya msikiti. Ni uvivu tu. Jirani nasema amerogwa, mimi nasema uvivu."

Tulibandika mabango sokoni, kwenye kinu cha kusaga, kwenye ukuta wa duka la sabuni. Nilirudi nyuma nikayatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Buluu ilikuwa imesimama vizuri kwenye vumbi lile jekundu. Niliridhika.

Asubuhi Sista alipanga meza, sindano na darubini chini ya turubai. Hakuja mtu. Si wachache: hakuja hata mmoja. Sokoni meza nyingi zilikuwa tupu. Nilipomsalimu muuza vitunguu aliacha vitunguu vyake akaingia ndani, na mabango mawili yalikuwa yamechanwa, kilichobaki ni vipande vya buluu vilivyokataa kubanduka.

Sista alidhani kuna msiba. Akamtuma Drani akaulize. Alirudi akasema watu hawataki kuzungumza naye kwa sababu amekuja na mimi. Mwishowe ni Hawa aliyetuambia, akiwa amesimama mlangoni na bakuli la unga mkononi.

"Mgeni, usikasirike. Watu nasema Mtanzania amerudi na picha ya mutu amepigwa risasi kwa shingo."

"Risasi? Wapi?"

Akaelekeza kidole kwenye duara jekundu.

"Na hapa chini imeandikwa njoo. Nani atakuja?"

Koboko ni mji wa familia za wanajeshi. Vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka sabini na tisa vilipofika huku, vilifika vikizungumza Kiswahili kama changu, na nusu ya mji ikakimbilia Zaire na Sudan. Wengi walikuwa wamerudi miaka michache tu nyuma, wamejenga upya kwa udongo. Sasa mtu mwenye lafudhi ile ile amebandika mtu mweupe asiye na uso, amelala chini, ana tundu jekundu shingoni. Nililitazama bango langu tena, na sikuweza tena kuona tezi. Niliona walichoona wao.

Sista Candiru hakulaumu. Alisema, "Na mimi nililipitisha," akaanza kufunga sindano zake.

Jioni nilizikunjua picha zangu za Kijapani kitandani. Mwalimu wangu alikuwa na mazoea ya kutuambia tusitazame bango tu, tutazame nyuma yake lilikotoka. Nyuma ya ile nafasi tupu niliyoihusudu kuna mwigizaji yule mwenye macho yaliyokengeuka. Waliofika kwenye utupu walipitia kwanza kwenye nyuso, miaka mingi ya nyuso. Mimi niliruka moja kwa moja hadi mwisho wa njia. Nilimwambia Sista asubuhi: nipe siku chache, nitachora bango lenye watu.

"Utachapa kwa kitu gani? Hapa hakuna mashine."

"Kuna filamu za eksirei za zamani hospitalini?"

"Zimejaa stoo. Za kazi gani?"

Kuna kazi ya Kijapani ya zamani ya kutia nakshi kwenye nguo: unakata umbo kwenye karatasi ngumu iliyolowekwa utomvu, unapitisha rangi penye tundu. Filamu ya eksirei ni ngumu kuliko karatasi ile na hailowani. Na karatasi nilikuwa nayo tele: migongo ya mabango yangu mwenyewe.

Vurra

Rangi ndiyo iliyotutesa. Arua tulipata nyeusi tu, kwa hiyo Drani akanipeleka Vurra, mpakani, ambako malori ya Zaire yalikuwa yamepanga foleni yakingoja ushuru. Tukatembea lori hadi lori. Mfanyabiashara mmoja mwenye kofia ya manyoya, kwenye jua lile, alitusikiliza kwa makini akatuletea kopo la mafuta ya kupikia. Tukamweleza tena. Akaleta mafuta ya nywele. Drani akamwonyesha ukuta, akaigiza hewani kama anapaka kwa brashi.

"Ah, rangi! Sema rangi. Rangi iko. Ya kahawia iko, ya njano iko."

"Buluu?"

"Buluu hakuna. Mutu wa kanisa amebeba yote ya milango."

Nilichukua kahawia na njano. Nyekundu alikuwa nayo, akanisukumia, nami nikaisukuma nyuma. Alidhani simpendi, ikabidi tukae tule ndizi pamoja ndipo akubali kuwa ni rangi tu nisiyoihitaji.

Koboko tena

Nilihitaji mtu wa kunikalia nimchore akisinzia, na wa kusinzia hakuwa wa kutafutwa. Hawa alikubali kwa niaba ya mumewe. Tukamketisha Rajab kibarazani, akatutazama mara moja kwa macho mazito, akarudi usingizini mdomo wazi. Nikamwomba Hawa akae kando yake, aweke mkono nyuma ya shingo ya mumewe, kama mtu anayemshika mgonjwa, kisha anitazame mimi.

Aliweka mkono. Nilikuwa nimeshachora paji la uso na kope nilipoona uso wake umebadilika.

"Usiache kunitazama, mama," nikasema.

"Kuna kitu hapa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa, chini ya kidole. Kama maharage. Huku tena moja." Vidole vyake vilikuwa vikitembea. "Sista! Sista, kuja!"

Sista Candiru alikuja akakausha mikono kwenye aproni, akapapasa upande mmoja na wa pili. Akamchoma Rajab kidole, akainamia darubini kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa alizungumza taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Siyo uvivu, mama Hawa. Anao."

Hawa alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alimpiga mumewe kofi jepesi gotini, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Ikabidi Rajab apelekwe hospitali Arua mara moja, kwa sababu usingizi ule ulionyesha ugonjwa umeshapanda kichwani na dawa yake hutolewa wodini tu. Wengine hawatoki salama kwenye dawa hiyo, Sista aliwaeleza hivyo bila kuficha. Rajab, aliyekuwa ameamshwa na zogo, alisikiliza yote. Alikubali dawa. Alikubali sindano ya kupima maji ya mgongo. Akafika kwenye Land Rover, akaniona nimekaa nyuma na mabegi, akasimama.

"Gari moja na Mtanzania mimi sipandi."

"Rajab, haya ni maneno gani?" Hawa alisema.

"Sipandi."

Drani akazima injini. Sista akaanza kumweleza kwamba gari ni la afya, si la Tanzania, na yeye akaendelea kusimama pale ameshika mlango, akiyumba kwa usingizi lakini hageuzi neno lake. Nilishuka na begi langu, filamu zangu na makopo ya rangi. Rajab akangoja mpaka nilipofika kibarazani, ndipo akapanda. Hawa akafuata na sufuria na blanketi. Alipopita aliniachia ufunguo wa nyumba.

Basi nikabaki Koboko peke yangu, Mtanzania mwenye ufunguo wa nyumba ya wageni. Nilikata filamu kwa wembe kibarazani, mchana kweupe, wapita njia wakiniona. Mbavu za watu nisiowajua zilionekana kwenye plastiki, na juu yake nilikata kope za Rajab, mdomo wake, vidole vya Hawa. Nilipitisha kahawia, nikaanika kwenye kamba, nikapitisha nyeusi. Muuza vitunguu ndiye wa kwanza kusogea.

"Huyu iko Hawa," akasema.

"Ndiye."

"Na Rajab. Nafanya nini naye?"

"Anamshika shingo. Amekuta uvimbe hapa."

Mwanamke yule alipeleka mkono nyuma ya shingo yake mwenyewe. Sidhani alijua kama amefanya hivyo. Akachukua bango lililokauka akaenda nalo, na sikujua kama anakwenda kulichana. Baadaye nililiona limebandikwa kwa ugali kwenye meza yake.

Sista aliporudi na turubai, watu walikuja. Si umati, walikuja kwa familia, wanawake mbele, wakisukuma wanaume zao. Wengi walikuwa wazima. Waliokutwa na ugonjwa, Drani aliwapeleka, na kila gari lilipoondoka nilikaa kando ili asiwepo wa kulikataa.

Arua, kabla ya kurudi

Nilitoka Koboko juu ya lori la tumbaku. Nilipitia hospitali kabla ya kupanda basi. Sikuwa na hakika nitamkuta nani. Hawa alikuwa uani anawasha jiko. Alikuwa amekwisha mwili. Aliniambia dawa ile inachoma mshipani kama pilipili, kwamba kulikuwa na siku mbili Rajab hakumjua yeye wala dini yake, na mgonjwa wa kitanda cha pili alichukuliwa amefunikwa.

"Na yeye?"

Akanielekeza barazani kwa mwiko.

Rajab alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda sana, ameegemea nguzo. Ilikuwa adhuhuri na macho yake yalikuwa wazi. Nilisimama mbali kidogo, nisijue kama niko ndani ya mpaka aliouweka au nje. Akasogea, akaacha nafasi mkekani.

"Umekula?"

"Nimekula, mzee."

Nikakaa.

"Mwaka ile ya vita, ulikuwa wapi?"

"Shuleni, Tabora. Nilikuwa mtoto."

"Mimi nilikuwa Masaka, mbele." Alifikiri kidogo. "Halafu nilikimbia mpaka Zaire."

Mbele yetu, kwenye ukuta wa wodi, Sista alikuwa amebandika bango la kahawia. Rajab alilitazama, akakunja uso kwa jua.

"Hii mutu iko mgonjwa sana," akasema.

"Unamjua?"

Akainama mbele. Alitazama zile kope nzito, ule mdomo ulioachama, akatikisa kichwa.

"Hapana, simjui. Lakini mwanamke hii iko yangu."

Kisha akapaza sauti kumwita Hawa aje ajione.